Makosa yanayoponza dira ya bidhaa: Mafunzo kutoka Busia

KABLA ya pikipiki kutapakaa kote Afrika Mashariki, palikuwa na baiskeli mpakani Busia. Tangu miaka ya 1960, wenye baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao katika eneo lililotenganisha vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Hawakuandika dira yoyote, ila walimjua vyema mteja wao na adha iliyomkabili.

Dira ya bidhaa ni maelezo mafupi ya mabadiliko ambayo bidhaa au huduma inakusudia kuyaleta katika maisha ya mtumiaji. Ikikosewa, kila uamuzi unaofuata huenda mrama. Eneo la Busia, kuanzia vijiji vya Marachi hadi mji wa Malaba, lina mifano ya kutosha.

Kosa la kwanza ni kutaja chombo badala ya haja. Kwa miaka mingi, dawa ya klorini ya kusafisha maji iliuzwa madukani kwa chupa. Wakazi wengi waliifahamu, lakini wachache tu ndio walioinunua na kuitumia. Watafiti, akiwemo mwanauchumi Michael Kremer, waliacha kuuliza jinsi ya kuuza chupa, wakauliza jinsi ya kuhakikisha kwamba kila mtungi unafika nyumbani ukiwa na maji salama. Jibu likawa kifaa kinachosimamishwa kando ya chemchemi, ambacho humpa mchotaji bila malipo kipimo kinachotosha lita 20. Klorini huchanganyika na maji njiani, mtungi ukiwa kichwani. Matumizi yaliongezeka mno, na mpango huo ukaenea hadi Uganda na Malawi.

Kosa la pili ni kumbuni mtumiaji asiyekuwepo. Mwaka 1996, shule 25 za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada na shirika moja lisilo la kiserikali. Kwa wastani, alama za wanafunzi hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasani. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi ni lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulikwenda kasi kuliko uwezo wao. Mwanafunzi aliyekusudiwa hakuwa yule aliyeketi pale dawatini.

Kosa la tatu ni kutaka kumridhisha kila mtu. Mpakani kuna dereva wa lori, wakala wa forodha na mama anayevuka na gunia la mahindi. Haja zao hazifanani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoweka cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ilimlenga mfanyabiashara mdogo waziwazi. Dira inayomtaja kila mtu haimsaidii mtu yeyote kuamua kipi kiachwe.

Kosa la nne ni kung'ang'ania dira hata ushahidi unapoikana. M-Pesa ilijaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Waanzilishi waliusikiliza mwenendo huo, na huduma ilipozinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Kosa la tano ni dira isiyopimika. Maneno kama "kuboresha maisha" hupendeza ukutani, lakini hayaonyeshi iwapo timu imefaulu. Katika utafiti wa klorini, wakazi hawakuulizwa tu kama wanatibu maji. Maji yenyewe yalipimwa nyumbani ili kubaini kama yana klorini. Majibu ya mdomoni huweza kumfurahisha mgeni, ilhali mtoto angali anakunywa maji machafu.

Kabla ya kuidhinisha dira, basi, timu yapaswa kujibu maswali manne: ni nani hasa anayehudumiwa, ni adha gani inayomwondokea, ni nani hatahudumiwa kwa sasa, na ni dalili ipi itakayoonyesha kwamba wamekosea. Majibu hayo yasomwe mbele ya mtumiaji mwenyewe, kwa lugha anayoielewa. Asipojitambua ndani yake, kazi ianze upya.