Shamba la Pili: Februari Isiyoaminika Chini ya Mlima Meru

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nadhani waliosema hivyo hawakuwahi kulima Tengeru mwezi wa Februari.

Kwa kawaida Februari pale ni kiangazi. Vuli imeisha Desemba, masika inasubiriwa Machi. Jua linawaka, upepo wa kaskazi unavuma, watu wanalima na kuulizia bei ya mbegu. Halafu katikati ya mwezi, bila hodi, mvua inashuka siku tatu mfululizo, ya kulowesha ardhi kabisa. Jirani mmoja anachukua jembe na mfuko wa mbegu. Mwingine anakaa barazani, anaangalia mlima na kusema, "Hii ya kudanganya, mimi nasubiri."

Hapo ndipo kamari ya mwaka inapochezwa. Aliyepanda akibahatika, mvua ikaunganika na masika, amewahi. Ikikata kwa wiki tatu, mahindi yanachipua, yanasinyaa, na mbegu ya dukani imekwenda na hela yake. Aliyesubiri naye hayuko salama. Kama kweli ile ilikuwa masika iliyowahi, mahindi yake yatatoa mbelewele wakati mvua zimeshaanza kuaga, na gunzi litakuwa na mapengo kama kinywa cha mzee.

Swali ninalotaka kulijadili leo ni dogo: kwa nini mwezi mmoja wa hewa mbovu unaweza kuiangusha familia nzima? Jibu la haraka ni "mabadiliko ya tabianchi", na jibu hilo si la uongo. Ila ukisoma historia ya Mlima Meru, unaona kwamba nusu ya jibu iko angani na nusu nyingine iko ardhini, kwenye mipaka iliyochorwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tuanze na angani. Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na umesimama peke yake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiugonga unalazimika kupanda, unapoa, na kumwaga mvua upande wa kusini na mashariki: Akeri, Nkoaranga, Poli, Tengeru. Ukishavuka na kushuka upande wa kaskazini, umeshakauka. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka asubuhi kwenye migomba inayodondosha maji, akazunguka mlima, na kabla ya saa sita akawa Oldonyo Sambu kwenye vumbi na miiba. Mlima ni mmoja, lakini una hali ya hewa nyingi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mvua ya kiangazi huharibu kwa njia zake. Chukua kahawa. Mbuni unataka kipindi cha ukavu, kisha mvua nzuri ya kuuamsha, ndipo maua yatoke kwa pamoja. Kiangazi kikikatizwa na mvua za hapa na pale, maua yanatoka kwa mafungu. Miezi kadhaa baadaye tawi moja linakuwa na matunda mekundu, mengine mabichi, mengine ndiyo kwanza yanajaa. Mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara nyingi, na kila mara anayerudi analipwa. Unyevu wa muda mrefu nao unakaribisha chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoozesha matunda yangali mabichi.

Kisha kuna viwavijeshi. Si bahati mbaya kwamba kazi ya kitaifa ya kutabiri milipuko ya wadudu hawa imekuwa na makao yake palepale Tengeru. Nondo wake husafiri usiku na upepo, na dhoruba za mvua huwakusanya mahali pamoja. Wanataga mayai, nyasi changa zinachipua, na kama mvua ikikata na jua likarudi siku chache, viwavi wanakua kwa mamilioni. Mvua kubwa ya mfululizo ingewaua wakiwa wadogo. Kwa hiyo hali inayomkwaza mkulima, mvua kidogo kisha jua kisha mvua tena, ndiyo hasa inayomfaa kiwavi. Wataalamu hutega mitego yenye harufu ya nondo jike, wanahesabu madume walionaswa, kisha wanatoa tahadhari.

Haya si ya jana. Mwaka 1961 Tanganyika ilianza na ukame na njaa, mpaka chakula cha msaada kikaletwa kutoka Marekani. Kisha vuli ikaja kwa hasira, na nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba huku sehemu nyingi zikiwa zimelowa chapachapa. Mvua za miaka ile zilikuwa kubwa kiasi kwamba kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 1997 ikaja El Niño. Neno hilo liliingia kwenye Kiswahili cha kila siku mwaka ule, na mpaka leo mzee akisema "mwaka wa El Niño" hahitaji kufafanua. Mvua ilianza Oktoba, ikavuka mwaka mpya, na kiangazi cha Januari na Februari 1998 kikamezwa. Madaraja yalikwenda na maji, barabara zikakatika, na homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu waliozaliana kwenye madimbwi, ikashambulia mifugo na watu kaskazini mwa Tanzania na Kenya.

Kwa hiyo hewa kigeugeu ni mwenyeji wa zamani. Watu wa mlima walijua kuishi naye, na ujuzi wao ulikuwa wa miguu. Walitembea.

Wameru, ambao lugha yao ya Kirwa ni ndugu ya Kichaga, walikuwa wakilima kwenye miteremko ya mashariki na kusini tangu karne ya 17. Waarusha, wasemaji wa Kimaasai waliotoka Arusha Chini, walijiunga nao upande wa kusini-magharibi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Wote wawili walijifunza kuutumia mlima kama ngazi. Juu ni msitu. Chini ya msitu ni nyumba na migomba, ambayo haijali sana mvua ikichelewa wiki mbili, hasa ikiwa mfereji wa kumwagilia unapita karibu. Chini zaidi ni mahindi, maharage na ulezi. Chini kabisa ni tambarare ya malisho. Mwaka ukiharibika ngazi moja, unakula ya ngazi nyingine. Na kama yote mawili yamekataa, kuna ng'ombe, kuna shemeji, kuna soko ambako akina mama wa mlimani walibadilishana chakula na akina mama wa Kimaasai waliokuja na maziwa na ngozi.

Mfumo huu ulijaribiwa vibaya miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe karibu wote wa nyika, ndui ikafuata, na ukame ukakamilisha. Wamaasai wengi walipoteza kila kitu, na baadhi yao wakapanda mlimani kwa Waarusha kutafuta chakula na hifadhi. Wakapokelewa, wakalima, wengine wakabaki moja kwa moja. Hata katika balaa lile mlima ulifanya kazi yake: walioshindwa chini walipanda juu.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha maana ya mwezi mbaya. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imetoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola. Boma la Arusha likajengwa mwaka 1900, baada ya vita na kunyongwa kwa viongozi. Maofisa walipoangalia tambarare chini ya mlima, waliona nyasi tupu. Watu walikuwa wamepungua kwa njaa na maradhi, ng'ombe walikuwa wamekufa, na ngazi ya chini ilikuwa inasubiri wenyewe warudi. Mjerumani akaandika kwenye ramani kwamba haina mwenyewe. Miaka mibaya ya hewa ikageuzwa kuwa hati ya kumiliki.

Kuanzia 1904 na 1905 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, kisha walowezi wengine, na mashamba yao yakauzunguka mlima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakayauza upya kwa walowezi wapya. Wanahistoria wameuita mzingo huo pete ya chuma. Thomas Spear ameueleza vizuri katika kitabu chake Mountain Farmers cha 1997, na ukikisoma utaona kilichofungwa na pete ile: njia ya kutoka migombani kwenda malishoni. Watu walibaki na ngazi yenye kidato kimoja, huku wakizidi kuongezeka.

Wengine walitafuta upenyo. Wameru wenye mifugo walizunguka mlima hadi upande mkavu wa kaskazini-mashariki, Engare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Wenye migomba ya Poli wangeweza kuicheka ardhi ile, lakini kwa mfugaji na mpanda mahindi ilikuwa nafasi. Ilikuwa shamba la pili.

Halafu mwaka 1947 ikatoka ripoti ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi za Arusha na Moshi. Ilipendekeza kwamba ukanda kati ya Meru na Kilimanjaro uwe eneo moja la ufugaji wa Wazungu, na Wameru wa Engare Nanyuki wahamishiwe Kingori. Wameru walikataa. Walisema Kingori ni joto, maji ni haba, na mifugo itakufa kwa magonjwa. Walikataa hata fidia.

Operesheni ilianza Novemba 1951. Angalia mwezi huo, msomaji. Novemba ni vuli, mwezi wa mbegu kuwa ardhini. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, mali zikapakiwa kwenye malori, ili wapishwe walowezi 13. Unaweza kuhesabu nyumba na ng'ombe, lakini msimu uliopotea huwezi kuurudisha, kwa sababu mvua haikusubiri kesi iishe. Wengi hawakwenda Kingori kabisa. Walirudi mlimani kubanana na ndugu zao, kwenye migomba ambayo tayari ilikuwa haiwatoshi wenyeji.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York pamoja na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza kesi hiyo. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza pale kwa niaba ya watu wake. Azimio la kuwatetea Wameru lilikosa theluthi mbili za kura kwenye Baraza Kuu, lakini dunia ilikuwa imesikia, na Tanganyika nayo ilikuwa imesikia. Japhet na Seaton waliandika wenyewe The Meru Land Case, kilichotoka Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule Anton Nelson alipotoa The Freemen of Meru. Ukivipata, soma vyote viwili. Kesi hii hufundishwa kama hatua ya kuelekea uhuru, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini ukiisoma ukiwa na jembe mkononi, ni kesi ya watu waliodai haki ya kuwa na mahali pengine pa kupanda.

Walowezi wenyewe hawakufaidi sana. Ufugaji wao Engare Nanyuki haukusimama, na ardhi ile ikarudi kwa Wameru uhuru ulipofika. Ila pete haikuyeyuka yote, na sasa imekuja nyingine ya matofali. Jiji la Arusha lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 600,000 katika sensa ya 2022. Njiro, palipokuwa na mashamba, sasa ni nyumba na kuta. Mlimani kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka migomba ya kaka inamwaga kivuli kwa mdogo wake.

Siku hizi mkulima anapata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu: masika itaanza lini, itakuwa ya wastani, chini au juu ya wastani. Ni msaada mkubwa, na anayeudharau ana hasara yake. Lakini utabiri unakuambia lini. Haukupi wapi. Mwenye robo eka moja, hata akijua kwamba mvua ya Februari ni ya kudanganya, chaguo lake ni moja tu: apande au asipande.

Rudi basi kwa wale majirani wawili. Kuna wa tatu sijamtaja. Huyu amekodi eka mbili kule Mbuguni, tambarare ya chini. Mvua ile ya siku tatu iliponyesha alipanda nusu ya shamba la nyumbani, akaacha nusu, na la Mbuguni akasema litangoja Machi. Hakuwa na elimu kuwashinda wenzake. Alikuwa na hela ya kukodi, basi. Kitu ambacho babu yake alikipata kwa kutembea, yeye anakilipia kila msimu, na jirani zake hawana cha kulipa.

Mawingu ya Februari yataendelea kudanganya. Ukisikia mwakani kwamba wakulima wa Meru wamepata hasara kwa sababu ya mvua, uliza pia walikuwa na mashamba mangapi.