Kujaza Risasi Kejani: Majuu Ni Hobby, Huku Mtaani Ni Miaka Mitano Ndani

Kama unapenda kuwatch video za magari na mashine YouTube, kuna siku itakuletea mzee Mmarekani amekaa kwa garaji yake, mezani kuna mashine ndogo ya mkono na chupa za baruti, anajaza maganda ya risasi moja moja akipiga story kama mtu anakanda chapo. Hakuna karao anabisha mlango. Kwao hiyo ni hobby, kama vile wasee wa huku hufuga njiwa.

Huku Kibra ama Kawangware, hiyo meza ni kesi. Na hata meza si lazima. Njugu moja tu mfukoni inatosha, hata kama hujawahi kushika mchuma maishani. Hapo ndipo vijana wengi hawajui, kwa hivyo hebu tuipange hii story vizuri.

Kwanza, risasi ni nini?

Ile kitu tunaita risasi ama njugu iko na sehemu nne. Kuna kichwa, ndicho kinaruka. Kuna ganda, mara nyingi la shaba nyeupe. Ndani ya ganda kuna baruti. Halafu chini kabisa kuna kiwashio, ile duara ndogo ambayo pini ya bunduki hugonga ndio baruti ishike moto.

Ukifyatua, kichwa kinaenda, baruti inaungua, kiwashio kinaisha. Kinachobaki ni ganda. Hobby yenyewe ni hiyo: kuchukua ganda lililotumika na kulijaza upya badala ya kulitupa.

Kwa nini Wamarekani wanajisumbua?

Sababu ya kwanza ni doh. Ganda ndilo sehemu inayoweza kutumika tena, kwa hivyo msee anayepiga shabaha kila wikendi anaokoa pesa. Ya pili ni shabaha yenyewe. Wale wa mashindano wanataka kila risasi ifanane na mwenzake. Ya tatu ni bunduki za kitambo ambazo risasi zake hazipatikani tena dukani.

Hii kitu si ya jana. Kampuni ya Lyman ilianza 1878 kule Connecticut, na RCBS ikaanza 1943 mji wa Oroville, California. Zote mbili zinajulikana kwa vifaa vya kujazia. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haidai leseni ukijaza za kutumia mwenyewe. Ukianza kuuza ndio unahitaji leseni.

Sheria ya Kenya inasema nini?

Huku tuko na Firearms Act, Cap 114. Kifungu cha 4 kinasema hauwezi kununua, kupata wala kukaa na bunduki *ama risasi* bila cheti. Soma tena hilo neno "ama". Risasi ni kosa peke yake. Karao hahitaji kupata mguu wa kuku chini ya godoro ndio ukuwe na kesi. Akipata njugu tatu kwa kopo la chai, story imeisha hapo.

Adhabu si faini ya kanjo. Sheria imeandika jela isiyopungua miaka 5. Ikifika kwa silaha za vita kama AK-47 na G3, sheria inaenda mpaka kifungo cha maisha.

Na wale wenye cheti? Wako wengi Nairobi, lakini hata wao wamefungwa kamba. Cheti kinaandika bunduki gani, na idadi ya risasi unazoweza kununua na kukaa nazo kwa wakati mmoja. Cheti kinatolewa na Firearms Licensing Board. Biashara ya kutengeneza na kuuza ni ya waliosajiliwa. Kwa hivyo ile ndoto ya kufungua karakana ya njugu nyuma ya keja, hata bwenyenye wa Karen mwenye bastola halali haimruhusu.

Basi za Kenya zinatoka wapi?

Eldoret. Huko kuna Kenya Ordnance Factories Corporation, shirika la serikali lililoanzishwa kisheria 1997. Linatengeneza risasi za bunduki ndogo kwa ajili ya vikosi vya usalama.

Lakini njugu ikishatoka kiwandani haikai pale ilipopangiwa siku zote. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Walipata risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji zinafanana na za polisi, zile za Eldoret. Kumaanisha, shida ya njugu haramu Kenya si fundi wa mtaani anayejaza maganda usiku. Nyingine inatoka kwa stoo yenyewe ya gava.

Historia ya huu mtaa na bunduki

Kibra yenyewe ilizaliwa na jeshi. Wanubi waliokuwa wanajeshi wa King's African Rifles, wale wazee waliitwa Keya, walipewa hii ardhi na Waingereza kuanzia 1904. Mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa eneo la jeshi. Wajukuu wao walingoja mpaka 2017 ndio wakapata hatimiliki ya ekari 288. Mtaa ulipangwa na watu wa bunduki kabla ya mabati ya kwanza kujaa.

Halafu ikaja Emajensi ya 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji, mbao na vipande vya mpira. Bunduki fundi angeweza kuiunda, lakini risasi ilikuwa noma. Nyingi zilitoka kwa maaskari, za wizi ama za kununua kichinichini. Ndio maana mkoloni aliifanya risasi kuwa kosa la kunyongwa.

Dedan Kimathi alishikwa Oktoba 1956. Mahakamani Nyeri hakushtakiwa kwa kuua mtu. Mashtaka yalikuwa mawili: kukaa na bastola, na kukaa na risasi sita. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika ile miaka Waingereza walinyonga zaidi ya Wakenya 1,000, na wengi wao kesi haikuwa ya mauaji. Kwa hivyo hii tabia ya sheria ya Kenya kuogopa njugu peke yake ina mizizi mirefu.

Hata bila sheria, keja haifai

Hata Majuu wanaofanya hii hobby wanaumia. Baruti ikizidi ndani ya ganda, bunduki inapasuka usoni mwako. Ikipungua, kichwa kinakwama kwa mtutu, na ukifyatua ya pili, mtutu unapasuka. Mzee wa garaji ana chumba chake peke yake. Wewe uko kwa ten by ten ya mabati, jiko liko hapa, watoto wamelala pale, na ukuta wa jirani ni huo huo wako. Moto wa kawaida tu wa stima unajua vile humaliza ploti nzima kabla gari la zimamoto lipate njia.

Halafu kuna sumu. Kiswahili chenyewe kimetuambia: risasi ni jina la ile madini pia, ile nzito laini iliyo ndani ya betri za gari. Wanaojaza hobby hii wengine huiyeyusha ili wajitengenezee vichwa. Moshi na vumbi lake huingia kwa damu, na kwa watoto hugusa ubongo. Waulize watu wa Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa karibu nao mpaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Hapo hakukuwa na bunduki hata moja. Ni ile madini tu.

Ukiokota njugu ama ganda mtaani

Hii ndiyo inagusa wasee wa huku moja kwa moja. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, na tena maandamano ya Juni 2024, wengi walipata maganda yamelala chini, wakapiga picha wameyashika kama medali. Wengine waliweka mfukoni waende nayo nyumbani. Tofautisha hivi:

- Ganda tupu limeshatumika, lakini ni ushahidi. Pini ya bunduki huacha alama pale chini, na mtaalamu wa maabara anaweza kulinganisha hiyo alama na bunduki iliyofyatua. Ukilibeba, ukilisugua, ama ukimpatia mtoto achezee, umemsaidia aliyefyatua. Usiliguse. Piga picha likiwa pale pale, onyesha na kitu kinachotambulisha mahali, andika saa. Ripoti kwa IPOA, ile mamlaka ya kuchunguza polisi.
- Njugu nzima ambayo haijafyatuliwa ni risasi kamili machoni pa sheria. Usiiweke kejani hata usiku mmoja, usiipige na nyundo, usiitupe kwa moto. Iache ilipo, zuia watoto, itisha chifu ama kituo cha polisi.

Najua unafikiria nini: nikienda kwa karao na njugu, nitatoka kweli? Hiyo hofu iko na sababu zake. Ndio maana usiibebe. Ita watu waje ilipo, na usisimame peke yako. Kuwa na mzee wa mtaa, imamu, pasta ama mtu wa haki za binadamu, na watu waone. Kituo Cha Sheria husaidia wasio na doh ya wakili. Ukishikwa tayari, usiandikishe chochote kabla ya kuongea na wakili.

Na kama unapenda shabaha tu?

Mchezo upo Kenya, na ni halali. Kuna uwanja wa kulenga shabaha Kirigiti, Kiambu, ambapo wenye leseni hushindana. Njia yake ni ndefu na ni ya gharama, lakini unarudi nyumbani jioni. Ile njia ya mkato ya "nishikie hii mfuko hadi kesho" ndiyo imepeleka mabeste wengi ndani. Boy wako akikuomba umwekee kitu na hataki ufungue, fungua. Kama ni njugu, mrudishie akiwa bado amesimama hapo mlangoni.