Walioifuata Chanjo Hadi Paris

Mwezi wa Machi 1886 waliwasili Paris watu 19 kutoka Smolensk, katika nchi ya Urusi, waliokuwa wameraruliwa na mbwa-mwitu mwenye kichaa, na baadhi yao majeraha yalikuwa mabaya hata ikalazimu walazwe katika hospitali ya Hôtel-Dieu. Nao, kwa mujibu wa masimulizi ya zama zile, hawakujua neno lolote la Kifaransa ila jina la yule waliyemwendea, Pasteur.

Hapakuwa na pengine pa kukimbilia. Miezi minane kabla, tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa siku mbili nyuma. Na kwa kuwa Pasteur alikuwa mwanakemia wala si tabibu, sindano zilipigwa na daktari Grancher. Dawa yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, uliotundikwa katika chupa yenye hewa kavu, ukawa kila siku ipitayo ukali wake wapungua. Mtoto akaanzishiwa ule uliokauka mno, akapandishwa daraja kwa daraja hata akafikia ulio mbichi. Akasalimika. Mwezi wa Desemba watoto wanne wa Newark, Marekani, wakavushwa bahari kwa michango ya raia waende kwa bwana huyo huyo.

Wale wa Smolensk, kwa kuwa siku nyingi zilikwisha kupotea njiani, walidungwa asubuhi na jioni. 16 wakanusurika, watatu wakafariki. Virusi vya kichaa cha mbwa hutambaa katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na chanjo haina budi kuvitangulia, kwani dalili zikishadhihiri ni nadra mno mtu kupona.

Siku hizi msafiri aendaye penye hatari hiyo aweza kuchanjwa kabla ya kuondoka, sindano mbili zilizopishana siku 7, kama lilivyoshauri Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Akiumwa, atahitaji mbili nyingine tu, ya pili siku 3 baada ya ya kwanza, wala hatahitaji kingamwili za kudungwa jerahani, ambazo ni ghali na mahali pengi hazipatikani. Hiyo ni neema kubwa, lakini mwanakijiji wa huko huko aendako mgeni, Tanzania ikiwamo, aghalabu hana kinga hiyo. Akiumwa hutafuta kwanza nauli ya kumfikisha hospitali ya wilaya, na kwangu mimi safari hiyo haina tofauti na ile ya Smolensk.

Basi aliyeumwa, awe mgeni au mwenyeji, na alioshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile asingoje dalili. Nasi wenye mbwa tuwapeleke wachanjwe kila mwaka, maana wakichanjwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa njia ya kuenea.