Jaribu Kurejesha Bekapu ya Seva Yako Kabla ya Siku ya Balaa

Ukiuliza katika ofisi ya usafirishaji au ya uwakala wa forodha kama wana nakala ya akiba ya taarifa zao, yaani bekapu, jibu huwa ni ndiyo. Ukiuliza mara ya mwisho bekapu hiyo ilirejeshwa lini kwenye mashine nyingine na kufunguliwa, mara nyingi hakuna mwenye jibu. Makala hii inaeleza namna ya kufanya jaribio hilo, na ni kwa ajili ya mwenye kampuni na mhasibu wake, si fundi wa kompyuta peke yake.

Kinachopotea seva ikifa

Mfumo wa forodha wa serikali unatunza tamko la mzigo wako. Hautunzi ankara uliyompa mteja, masurufu aliyochukua dereva, hati ya kupokea mzigo iliyosainiwa Lubumbashi au Kigali, wala orodha ya wanaokudai na unaowadai. Hivyo vyote viko kwenye seva ya ofisini kwako.

Seva ikiungua, ikiibiwa au ikivamiwa na kirusi, malori hayasimami siku hiyohiyo. Matatizo huja baadaye: mteja anakataa deni kwa sababu huna ushahidi, tozo za kuchelewesha makontena zinaongezeka kwa kuwa hujui lipi halijarudishwa, na bondi ya mzigo wa transiti inabaki wazi kwa kukosa nyaraka za kuifunga. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5. Kumwambia kwamba kompyuta iliharibika hakutakusaidia.

Mifano miwili ya kujifunza

Mfano wa kwanza ni wa GitLab, kampuni inayotoa huduma za kutunza programu za kompyuta. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mtaalamu wake alifuta kwa makosa taarifa za hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Walipofuata bekapu za kila siku walikuta hakuna kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na hifadhidata, hivyo ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Waliokolewa na nakala ambayo mtaalamu aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo 6 ilipotea.

Mfano wa pili unawahusu zaidi wenye makontena. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya, kilichoanza kusambaa kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kiliingia katika kampuni ya meli ya Maersk. Januari 2018 mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mjini Davos kwamba walilazimika kufunga upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku 10. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Jarida la Wired liliandika mwaka 2018 kwamba seva zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na zote zilifutika kwa pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika wakati wa shambulio.

Mafunzo ni mawili. Bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama ipo. Na seva mbili zinazonakiliana muda wote hazitoshi kuitwa bekapu, kwa kuwa kosa la moja linafika kwa nyingine papo hapo. Angalau nakala moja iwe imetenganishwa na mtandao na itunzwe nje ya jengo.

Maswali mawili ya mwenye kampuni

Kabla ya fundi kugusa chochote, mwenye kampuni aandike majibu ya maswali haya:

1. Tunaweza kufanya kazi bila mfumo kwa muda gani? Saa 4? Siku 1? Siku 3?
2. Tunaweza kukubali kupoteza kazi ya muda gani? Ya saa 1, au ya siku nzima?

Kama bekapu inachukuliwa mara moja kwa siku, saa 6 usiku, na seva ikafa saa 11 jioni, umepoteza kazi ya kutwa nzima. Kama hilo halikubaliki, ratiba ya bekapu ndiyo ya kubadilishwa. Majibu haya mawili ndiyo kipimo cha jaribio.

Hatua za jaribio

1. Tafuta mashine ya pembeni. Usirejeshe juu ya seva inayofanya kazi. Bekapu ikiwa mbovu, utakuwa umefuta na ile iliyo nzima. Kompyuta yoyote yenye nafasi ya kutosha inafaa kwa kuanzia.

2. Itenge na mtandao wa ofisi na intaneti. Seva iliyorejeshwa inajiona kuwa ndiyo seva halisi. Inaweza kuwatumia madereva ujumbe wa simu mara ya pili, kuwapelekea wateja ankara za zamani, au kugongana na seva halisi kwa kutumia anwani moja.

3. Anza kuhesabu muda. Saa inaanza pale fundi anapoambiwa kwamba seva imekufa, si pale anapopata diski. Muda wa kutafuta ufunguo wa kabati, neno la siri la bekapu iliyofungwa kwa siri, na namba ya leseni ya programu, wote unahesabiwa. Vitu hivyo vikiwa vimeandikwa ndani ya seva ileile iliyokufa, jaribio litalionyesha kosa hilo mapema.

4. Rejesha seva kwanza, kisha hifadhidata. Mpangilio ni huu: mfumo endeshi, programu ya hifadhidata ya toleo lilelile, programu yenu ya kazi, kisha taarifa zenyewe. Hakikisha bekapu ilichukuliwa kwa amri ya hifadhidata yenyewe, kama vile mysqldump kwa MySQL, pg_dump kwa PostgreSQL au BACKUP DATABASE kwa SQL Server. Kunakili mafaili ya hifadhidata kwa mkono huku watu wanaendelea kuingiza taarifa huweza kutoa nakala isiyofunguka.

5. Fuata mnyororo wa kumbukumbu za miamala. Tuseme bekapu kamili ni ya Jumapili usiku na kumbukumbu za miamala huchukuliwa kila saa. Seva ikifa Jumatano saa 9 na nusu alasiri, unarejesha ya Jumapili, halafu kumbukumbu zote kwa mfuatano hadi ya saa 9. Ikikosekana moja katikati, huwezi kuvuka hapo. Ya Jumanne asubuhi ikipotea, kazi yote ya baada yake imepotea.

6. Rejesha mafaili ya pembeni. Programu nyingi huweka picha za hati za shehena, vibali na risiti nje ya hifadhidata, kwenye folda ya kawaida. Bekapu ya hifadhidata haizigusi. Utaona jina la hati kwenye skrini, ukibonyeza haifunguki.

7. Linganisha hesabu. Kabla ya jaribio andika kutoka seva halisi, kwa muda uleule bekapu ilipochukuliwa: idadi ya mafaili ya mizigo, namba ya ankara ya mwisho, jumla ya madeni ya wateja na idadi ya bondi zilizo wazi. Namba hizo lazima zilingane na za mashine ya jaribio.

8. Mwite karani. Fundi akisema imekubali, jaribio halijaisha. Karani akae kwenye mashine ya jaribio, atafute faili la mzigo uliopita Tunduma au Malaba mwezi uliopita, afungue hati zake na kuchapisha ankara. Akiweza, simamisha saa. Muda huo ndio unaolinganishwa na jibu la swali la kwanza.

9. Futa mashine ya jaribio. Ina majina, namba za simu na hesabu za wateja wako. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Diski ya jaribio iliyosahaulika mezani ni taarifa za watu zilizoachwa wazi.

Mara ngapi na kwa nani

Kwa ofisi ndogo, jaribio kamili mara mbili kwa mwaka ni mwanzo mzuri. Lifanyike pia kila mnapobadilisha seva, toleo la hifadhidata au programu ya kazi, kwa maana ndipo bekapu huanza kushindwa bila mtu kujua. Kila mwezi, rejesha angalau hifadhidata peke yake.

Safari moja, mwache mtu mwingine arejeshe kwa kusoma maelekezo yaliyoandikwa, huku fundi wa kila siku akitazama bila kusema. Siku ya balaa fundi huyo anaweza kuwa safarini au amekwisha acha kazi.

Wanaokodi programu kwa malipo ya mwezi nao wamo. Mwombe mtoa huduma akuonyeshe tarehe na matokeo ya jaribio lake la mwisho, kisha pakua taarifa zako mwenyewe kila mwezi katika muundo unaofunguka bila programu yake.

Karatasi ya matokeo

Kila jaribio liache ukurasa mmoja wenye mambo haya: tarehe; bekapu iliyotumika ilikuwa ya lini; saa ya kuanza na ya karani kuchapisha ankara; namba zilizolingana na zisizolingana; kilichokwama; nani atarekebisha na kabla ya tarehe gani. Mwenye kampuni asaini. Nakala moja itunzwe nje ya ofisi pamoja na bekapu.

Jaribio la kwanza likishindwa, usimlaumu fundi. Seva halisi bado inafanya kazi na taarifa zote zipo. Rekebisheni kilichokwama, kisha rudieni wiki inayofuata mpaka karani achapishe ile ankara.