Matabishi ya mtoto: sashe ya bomboni ilitoka wapi?

Mama mmoja deplase kutoka Masisi alitupigia simu wakati wa kipindi cha asubuhi. Anaishi na watoto wanne ndani ya chumba kimoja walichopewa na jamaa hapa Goma. Mtoto wake wa tatu alikuwa anatimiza miaka sita Jumamosi. Wiki moja kabla, huyo mtoto alialikwa kwa jirani kwenye aniverseri, akarudi na sashe mkononi: bomboni tatu, biskwi moja, baluni moja. Sasa alikuwa anamuuliza mama yake kila jioni: "Na rafiki zangu watarudi kwao na nini?"

Mama alikuwa na franka 6,000. Akatuambia: "Nisipowapa kitu, mtoto wangu watamcheka. Nikiwapa, Jumapili hatuli."

Mwenzangu wa studio alicheka kidogo, halafu akanyamaza. Mimi sikuwa na jibu. Nilimwomba atuachie namba, na siku mbili zilizofuata nilizunguka kwa wazee na kufungua vitabu vyangu, maana swali la huyo mama lina historia ndefu kuliko nilivyofikiri.

Tuanze na siku yenyewe. Koko yangu hajui tarehe aliyozaliwa. Anajua tu kwamba ilikuwa msimu wa kuvuna mtama, na kwamba mdogo wake alifuata baada ya mavuno mawili. Wazee wengi wa Kivu ndivyo wanavyohesabu. Hapa Goma tuna hata kalenda yetu ya moto: kuna waliozaliwa mwaka wa volkano ya 1977, wengine Nyiragongo iliposhuka mjini tarehe 17 Januari 2002, na wengine mama zao walipokuwa njiani kwenda Sake mwezi wa Mei 2021. Zamani mtoto alifanyiwa sherehe alipotoka nje mara ya kwanza na alipopewa jina, na watu walikula pamoja. Kurudia sherehe ile kila mwaka hakukuwako.

Misheni zilileta vitabu vya ubatizo, na tarehe ikaandikwa. Hata hivyo, kwa Wakatoliki siku iliyokuwa na uzito ni ya mtakatifu wa jina. Mtu anayeitwa Yosefu alipongezwa tarehe 19 Machi, hata kama alizaliwa mwezi wa kumi. Gato na mishumaa vilikuwa mambo ya nyumba za Wazungu, na mtu wetu wa kwanza kuviona alikuwa mpishi au yaya.

Halafu wakaja waevolwe. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianza kutoa kadi ya sifa ya kiraia kwa Wakongo iliowaona "wamestaarabika", na mwaka 1952 ikaongeza uandikishaji wenye masharti makali zaidi. Tume ilifika mpaka nyumbani kwa mwombaji, ikaangalia nyumba ilivyopangwa na familia inavyokula mezani. Fikiria hiyo hali: baba anapimwa kwa uma na kisu. Sishangai kwamba kitambaa cha meza, gato, na mtoto aliyevaa soksi nyeupe vikawa alama ya heshima ya familia. Na nadhani ule wasiwasi wa mama yetu wa Masisi, wa kuogopa kuchekwa, una mzizi wake mmoja pale.

Chini ya Mobutu mambo yaligeuka. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa na mapadri wakatishiwa kifungo wakiyatoa, kwa hiyo siku ya mtakatifu ikapoteza mtu wake. Mwaka 1974 hata Noeli iliondolewa kwenye sikukuu za taifa. Tarehe ya kuzaliwa, yenyewe, haikukatazwa na mtu. Ila vya kununua vilianza kukosekana. Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianizasyo: maduka ya Wagiriki, Wareno, Wahindi na wageni wengine yakachukuliwa na kupewa Wazairwa, ambao wengi hawakujua biashara. Wazee wanakumbuka rafu tupu. Mzee mmoja wa Birere aliniambia kwamba miaka ile biskwi iligawanywa kwa kisu.

Baadaye ikawa shida ya pesa yenyewe. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja tu. Mzazi angeweka akiba ya aniverseri ya mwakani kwa pesa gani? Mwaka 1998 ikarudi franka, wakati vita vimekwisha kuingia au viko mlangoni.

Hizo sashe za leo, zenye picha za wanasesere na filimbi za plastiki, zimekuja na bidhaa za China na Dubai zinazojaa depo za Birere. Ni vitu vya miaka ya karibuni tu. Lakini wazo la kumpa mgeni kidogo cha kuondoka nacho sisi tulikuwa nalo, na tuna neno lake: matabishi.

Neno hili limesafiri. Wareno walisema mata-bicho, maana yake "ua mdudu", yaani kile kinywaji kidogo cha asubuhi cha kumtuliza mdudu wa tumboni. Angola na Msumbiji limekuwa jina la chakula cha asubuhi. Kwetu Kongo likawa kile kidogo cha juu: franka anazoachiwa mbeba mzigo, nyanya moja ambayo muuzaji anaongeza juu ya fungu. Matabishi hayahesabiwi kwa bei. Ukimwambia mama wa soko "matabishi yako ni kidogo", atakushangaa, kwa sababu hukuyanunua.

Na baluni? Hapo nilisimama muda mrefu. Baluni ya mpira ya kwanza ilitengenezwa London mwaka 1824 na Michael Faraday, mtaalamu aliyehitaji mfuko wa kujaribia gesi, na mwaka uliofuata zikaanza kuuzwa kama kitu cha kuchezea. Mpira unatoka kwenye utomvu wa mimea. Baada ya Dunlop kutengeneza gurudumu la upepo mwaka 1888, dunia ilitaka mpira bila kushiba, na kwetu ulitolewa kwenye mimea ya porini inayotambaa, chini ya Leopold II, mpaka nchi ilipopelekwa Ubelgiji mwaka 1908. Vijiji vilipangiwa kilo, na wasiozifikisha walichapwa, wake zao wakafungwa kama rehani, wengine wakakatwa mikono. Simwambii mtu asinunue baluni. Ila mtu akiniambia kwamba mtoto asiye na baluni hana sherehe, nakumbuka hayo. Na jambo la kawaida kabisa: vipande vya baluni iliyopasuka vinaweza kumkaba mtoto mdogo, viokoteni mara moja.

Alhamisi nilimpigia mama. Nilimsimulia kwa ufupi, naye akanikatiza: "Basi ni matabishi tu. Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Alinunua karanga za kopo moja la Guigoz kwa franka 3,500 na sukari ya 1,000, akazikaanga pamoja mpaka sukari ikazishika. Watoto waalikwa walikuwa 12. Kwa yule wa miaka miwili alizisaga, maana karanga nzima nayo inakaba. Franka 1,500 zilizobaki zilinunua unga wa uji wa Jumapili. Vifuko alivikunja mwenyewe kwa karatasi za daftari la zamani la mtoto wake mkubwa, ncha chini, mdomo juu, kama wauzaji wa karanga wanavyofanya. Seremala wa jirani alitoa vipande vya mbao, na kaka wa mtoto akachonga chukudu ndogo moja ambayo wote waliichezea kwa zamu. Hiyo haikuondoka na mtu.

Nilipofika Jumamosi jioni nilikuta jambo ambalo sikumshauri. Juu ya kila kifuko alikuwa ameandika kwa biki jina la mtoto wake, na tarehe, mwezi na mwaka aliozaliwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema cheti cha kuzaliwa kiliungua pamoja na nyumba.

Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto aandikishwe bure ndani ya siku 90. Ukichelewa, unatumwa tribinali kutafuta hukumu, na huko ni safari, pesa na mashahidi. Yeye alikuwa ameandikisha kwa wakati, akabaki bila karatasi.

"Sasa tarehe yake iko ndani ya nyumba 12," aliniambia. "Mmoja akiitunza, inatosha."

Mimi pia alinipa kifuko. Karanga nimekula njiani. Karatasi iko ndani ya kitabu changu cha ripoti.