Plagi janja: Siyo ya kuwasha taa tu, inabeba na mtandao

Leo naandika kitu kilichonigharimu kuku wanne kabla sijakielewa.

Nyumbani niliweka vihisi viwili vya mlango vya Zigbee: kimoja mlango wa mbele, kingine banda la kuku, nyuma kabisa. Kitovu, yaani kile kifaa kinachoongoza vyote, kipo sebuleni. Cha mbele hakijawahi kusumbua. Cha bandani leo kipo, kesho hakipatikani. Nikabadilisha betri mara mbili, nikamlaumu na muuzaji. Kumbe kihisi kizima, tatizo ni njia!

ZIGBEE NI NINI?
Ni mawasiliano ya redio ya nguvu ndogo, kwenye gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi. Msingi wake ni kanuni ya IEEE 802.15.4 iliyotoka mwaka 2003. Faida yake, betri ndogo ya kihisi inaweza kukaa mwaka na zaidi. Hasara, ndani ya nyumba mawimbi hufika mita 10 hadi 20 hivi, na kuta za tofali, milango ya chuma na mabati huyapunguza zaidi.

PLAGI INAINGIAJE?
Vifaa vya betri husinzia muda mwingi, kwa hiyo havipitishi ujumbe wa wenzao. Vilivyochomekwa kwenye umeme vinakuwa macho muda wote, na vingi hupokea ujumbe na kuupitisha mbele, kama vibarua wanavyorushiana matofali kutoka kwenye lori. Plagi janja ni kibarua wa katikati.

JINSI YA KUFANYA
1. Hakikisha plagi ni ya Zigbee. Ya Wi-Fi haitapitisha ujumbe wa Zigbee hata kidogo.
2. Iweke katikati ya kitovu na kihisi. Ukiiweka kule ambako mawimbi yameshakufa, nayo haitasikia kitu.
3. Ukiwa nazo kadhaa, anza kuunganisha iliyo karibu na kitovu, ndiyo uende mbali.
4. Kisha unganisha kihisi upya kikiwa pale pale kitakapokaa. Vingine hung'ang'ania njia ya zamani.
5. Soma uwezo wa plagi. Ya ampia 10 kwa volti 230 inabeba wati 2,300. Pasi na jagi la umeme vinaweza kuzidi hapo, usijaribu.

Yangu niliichomeka jikoni, nikaitumia kwa chaja ya simu. Kihisi cha bandani kikatulia wiki tatu, nikajiona fundi.

Siku moja mdogo wangu, katika kuokoa uniti za LUKU, akazima swichi ya soketi pale ukutani. Usiku ule banda likafunguliwa, simu yangu kimya. Asubuhi kuku wanne hawapo.

Sikumgombeza, maana sikuwa nimemwambia. Na hili ndilo nataka mlishike: plagi ukiizima kwa simu, inakata umeme wa kile kilichochomekwa tu, redio yake inaendelea kupitisha ujumbe. Ukizima swichi ya ukutani, umeua na redio, na vyote vilivyokuwa vinapitia hapo vinaweza kupotea. Soketi zetu nyingi zina swichi, kwa hiyo bandika karatasi: USIZIME. Kuhusu uniti, hata plagi ikila wati 1 usiku na mchana, siku 30 ni uniti 0.72 tu.

Umeme ukikatika, mambo ni yale yale. Kama una inveta, weka kitovu na hiyo plagi ya katikati huko. Kama huna, basi mjue kwamba gizani hakuna mlinzi.

Mimi siku hizi nina plagi mbili, karatasi mbili, na kofuli moja kubwa bandani. Nyie wenzangu mmezipanga vipi? Tupieni maoni hapo chini.