Kipande

Kama ungalikuwa kijana wa kiume wa Kiafrika, mwenye umri wa miaka 16, katika Kenya ya mwaka 1920, ewe msomaji, usingaliruhusiwa kutoka kwenu kwenda kutafuta kazi bila kipande. Kilikuwa ni karatasi iliyotiwa katika kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Humo mliandikwa jina lako na kabila lako, na alama za vidole vyako zilipigwa. Tajiri wako naye aliandika mshahara wako na siku ya kuingia na kutoka kazini. Ukitoroka pasipo sahihi yake, polisi waliweza kukusaka na kukushitaki.

Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Harry Thuku na wenziwe waliipinga. Machi 1922 Thuku alikamatwa. Umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ukapigwa risasi, na serikali yenyewe ilikiri kwamba watu 21 walikufa.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Ndipo walowezi wengi waliponung'unika kwamba kutoa alama za vidole ni kuvunjiwa heshima. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Serikali yahitaji kuwajua watu wake. Hilo halina ubishi. Lakini kila isomwapo sheria ya kuwachungua watu, wewe uliza: je, walioitunga wangalikubali kuivaa shingoni mwao?